Rangi za maji kwenye mji mkavu: namna ya kuanza ukiwa Dodoma

Mwezi wa nane hapa Dodoma ukipaka maji kwenye karatasi ya kutolea kopi, ukageuka kidogo tu kuchovya brashi kwenye rangi, ukirudi unakuta karatasi imeshakauka na imejikunja pembeni kama jani lililopigwa na jua. Mimi nilianza hivo, kwenye meza ya kulia chakula huku Ipagala, na kwa karibu miezi mitano niliamini kabisa kwamba hii kazi ina watu wake. Nilikuwa nafata video za YouTube, mwalimu mwenyewe yuko Uingereza, analowesha karatasi nzima alafu anaongea weee anaelezea brashi yake aliipata wapi, akija kugusisha rangi karatasi bado inang'aa maji na rangi inatambaa yenyewe taratibu kama moshi wa kuni asubuhi. Mimi nikigusisha inabaki palepale, ukingo wake mkali kama imekatwa kwa mkasi. Nikanunua rangi nyingine. Nikanunua brashi nyingine. Ikawa vilevile.

Kilichokuja kunifungua macho ni kuelewa kwamba mimi na yule mwalimu tunatumia rangi moja lakini hewa tofauti. Dodoma iko juu, kama mita 1,100 na kidogo kutoka usawa wa bahari, ni nusu jangwa, mvua zetu ni za Desemba mpaka mwezi wa nne na baada ya hapo ni upepo na vumbi mpaka mwaka unakaribia kuisha. Maji hayakai. Na hii sanaa ukiivua mapambo yote ni kazi ya kujua maji yako wapi na yatakaa kwa muda gani. Watu wakinifata wanauliza "ninunue rangi gani?", nawaelewa sana mana na mimi nilianza na swali hilohilo, ila naomba tuanze na maji, rangi zitakuja.

Kwanza ijue rangi yenyewe. Ni unga wa rangi uliosagwa laini mno na gundi ya kuushikilia huo unga, basi. Gundi hiyo wanaiita gamu arabiki, ni utomvu wa mti wa jamii ya migunga, kitaalamu Acacia senegal, na Sudani ndo wanaoongoza duniani kuiuza, lakini migunga huku kati tunayo kila mahali, na aliyekulia kijijini akichunga mbuzi anayajua yale matone ya njano yanayong'aa kwenye gome, unabandua unatafuna. Viwandani wanaongeza glisarini au asali ili rangi isikauke ikapasukapasuka. Sasa hii gundi ina tabia moja kubwa: inayeyuka kwenye maji, na hata ikishakauka ukiirudishia maji inayeyuka tena. Kwa hiyo vidonge vya rangi vilivyokauka mwaka mzima kabatini havijafa, vidondoshee maji usubiri dakika moja. Na kwa sababu hiyohiyo ukipaka rangi ya pili juu ya ya kwanza alafu ukasuguasugua, ile ya chini inaamka na zinachanganyika zote. Wengi wanadhani wamenunua rangi mbovu kumbe ni gundi inafanya kazi yake.

Alafu kuna habari ya mwanga. Wengi wetu tumekua tukiona picha za Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alianza kule Dar mwaka 1968 na rangi za kung'aa zile za kupakia baiskeli, kwenye hadibodi, na zile rangi zinaziba, ukitaka nyeupe juu ya nyeusi unapaka na inakaa. Kwa macho tuliyozoea hayo, mtu akishika rangi za maji kitu cha kwanza anatafuta nyeupe iko wapi. Rangi za maji haziuzibi mwanga, mwanga unapita ndani ya rangi, unagonga karatasi nyeupe kule chini, unarudi machoni mwako ukiwa umebeba ile rangi. Fikiria chai ya rangi kwenye kikombe cheupe. Ikiwa kidogo unakiona kitako cha kikombe, ina rangi nzuri ya dhahabu, ukijaza mpaka juu inakuwa ya giza na wala hujaongeza kitu cheusi, umeongeza kina tu. Ukitaka ipauke unaongeza maji. Ukiweka nyeupe ndo umemimina maziwa, na hapo kitako hukioni tena.

Ndo mana nyeupe ya picha ni karatasi yenyewe, unaiacha toka mwanzo bila kuigusa, na ndo mana tunaanza na rangi nyepesi tunamalizia na nzito. Unaweza kunyanyua rangi kidogo kwa brashi yenye maji na tishu, inasaidia, ila ule weupe wa mwanzo haurudi wote. Na jua pia kwamba rangi ikikauka inapauka, kile unachokiona kikiwa kibichi kitapungua nguvu, kwa hiyo changanya kiwe kizito kidogo kuliko unavotaka.

Tuje kwenye maji sasa, hapa nitakaa.

Kuna maji sehemu mbili: kwenye karatasi na kwenye brashi. Na yote unayoyaona kwenye rangi za maji, yale mazuri na yale yanayokuudhi, yanatoka kwenye sheria moja ndogo tu, kwamba maji yanatoka penye mengi kwenda penye machache. Karatasi ikiwa imelowa na brashi yako ina rangi nzito yenye maji machache kuliko karatasi, rangi inaingia inasambaa kwa ulaini, ina ukingo wa kama ukungu, na inakaa karibu na pale ulipoiweka. Karatasi ikiwa kavu, rangi inakaa ndani ya alama ya brashi na ukingo unakuwa mkali. Yote mawili ni mazuri, unahitaji yote. Shida inakuja pale karatasi inapokuwa nusu, imeanza kukauka, alafu wewe unaona kuna kasehemu hakajakaa sawa unaenda na brashi yenye maji tele kurekebisha. Maji ya brashi ni mengi kuliko ya karatasi, yanasukuma unga wote wa rangi nje kama mafuriko yanavosukuma takataka pembeni ya korongo, na yakikauka yanaacha doa lenye kingo za mawimbi kama koliflawa. Kila anayeanza anazo hizo koliflawa. Ukishajua zinatokaje unaweza kuamua kuzizuia, au hata kuzitaka, mana kwenye majani ya mti zinapendeza sana.

Sasa utajuaje karatasi iko wapi? Unaangalia mng'ao. Weka kichwa chini karibu na meza, uiangalie karatasi kwa ubavu ukielekea dirishani. Hili nimewahi kumfundisha binti wa jirani yangu, yuko darasa la tano, anakuja Jumamosi, na yeye ndo kanipa jina la pale mng'ao unapoondoka. Tulilowesha kipande cha karatasi, tukalaza mashavu mezani wote wawili tunaangalia.

"Unaona nini?"

"Inawaka kama kioo, anti."

"Endelea kuangalia usinyanyue kichwa."

Kakaa kimya. Mng'ao ukapungua, ukawa kama wa ngozi iliyopakwa mafuta, unaanza kuona vinundu vidogovidogo vya karatasi vikitokeza. Alafu ukaondoka wote, ukianzia pembeni kuja kati, kwa muda mfupi sana.

"Anti, imenuna."

Toka siku ile kwetu ni kununa. Karatasi ikiwa kioo, maji ni mengi, rangi itakimbia popote, hapo unaweka anga na ukungu na vitu visivyo na mipaka. Ikiwa kama ngozi yenye mafuta ndo pazuri zaidi, unaweka mawingu, miti ya mbali, kivuli laini, rangi ikiwa nzito. Ikishanuna, toa mkono. Usiguse kabisa hata kama kuna kitu kinakukera, mana imenuna lakini haijakauka, ndani bado ina maji, na koliflawa zote zinazaliwa hapo. Unasubiri mpaka ikauke kweli, na kuhakikisha gusisha mgongo wa kidole, ikiwa ya baridi bado. Ubaridi ule unatokana na maji yanayoondoka, yakiondoka yanabeba joto, ni kitu kilekile kinachofanya maji ya mtungi yawe ya baridi, mtungi unatoa jasho na jasho likikauka linachukua joto. Karatasi ikiacha kuwa ya baridi, maji yameisha, endelea na tabaka linalofata.

Kwa yule mwalimu wa Uingereza kutoka kioo mpaka kununa ana muda wa kupiga stori. Kwangu, mwezi wa nane, dirisha wazi, mchana, ni kama dakika moja hivi. Hiyo ndo tofauti yote iliyonitesa miezi mitano.

Sasa cha kufanya. Cha kwanza kabisa na hakina gharama: changanya rangi zako zote kabla hujalowesha karatasi, ziwe tayari kwenye sahani, nyingi kuliko unavodhani utahitaji. Ukilowesha kwanza ndo uanze kutafuta bluu umeshachelewa. Cha pili, fanya asubuhi mapema, saa moja mpaka saa tatu, kabla upepo haujaanza, funga dirisha, zima feni. Alafu kata karatasi ndogo, saizi ya kadi ya posta, mana eneo dogo unalimaliza kabla halijanuna, A3 moja ukiikata vizuri inakupa vipande nane. Kingine ambacho kilinisaidia sana ni kulowesha karatasi pande zote mbili, unaiacha inywe dakika kadhaa, alafu unailaza juu ya kigae au ubao wa plastiki, inajibana pale chini kama imegandishwa na maji ya upande wa chini yanaendelea kuilisha ya juu, unapata muda mara tatu au nne. Kachupa ka kupulizia maji, kale ka saluni, kaweke karibu. Na kwenye maji ya kuchanganyia nadondosha tone moja la glisarini, ileile ya famasi tunayopaka midomo wakati wa upepo, kwa nusu glasi, inashika maji yasiondoke haraka. Tone moja tu. Ukizidisha picha inabaki inanata siku mbili na vumbi lote la Dodoma linahamia pale.

Na maji yenyewe, ya kwangu bombani yana chumvi, yakikauka kwenye glasi yanaacha ukungu mweupe. Ukungu huohuo unabaki kwenye picha, rangi inakuwa kama ina vumbi. Natumia maji ya kunywa ya chupa, na kipindi cha mvua nakinga ya bati. Glasi mbili, moja ya kuoshea brashi na moja isafi ya kuchovea. Hiyo ya pili watu wanaipuuza na ndo inayofanya rangi zao za njano zionekane chafu.

Karatasi. Kama una hela ya kitu kimoja tu, weka huku, kuliko kwenye rangi, kuliko kwenye brashi. Karatasi ya kopi ni gramu 80 kwa mita ya mraba, haijatengenezwa kubeba maji, itajikunja tu hata uwe fundi namna gani. Ya rangi za maji mara nyingi ni gramu 300, inakaa imetulia. Zile nzuri ni za pamba asilimia mia, za bei nafuu ni za mbao, na kwa mazoezi za mbao zinatosha ila ujue pamba inakaa na maji muda mrefu zaidi, na kwa hewa yetu hilo ni jambo kubwa. Lakini uzito peke yake hautoshi. Karatasi ya rangi za maji inapakwa dawa, mara nyingi jelatini, ile ya kutoka kwenye ngozi na mifupa, ili maji yasizame moja kwa moja, yakae juu kwanza wewe ufanye kazi. Nimewahi kuuziwa duka moja la vifaa vya shule bloku nzito, nzuri, muuzaji kaniapia ni ya rangi za maji, nimefika nyumbani nagusisha brashi rangi inanywewa kama kwenye tishu, hata kutambaa haitambai. Siku hizi naomba kipande, nadondosha tone la maji kwa kidole hapohapo kaunta. Tone likikaa juu limevimba kama la umande, chukua. Likizama papo hapo, rudisha. Kama mjini hupati, za gramu 300 zinapatikana Dar, unaagiza Kariakoo zinapanda basi, mwambie anayekutumia azilaze bapa kati ya maboksi asizikunje.

Brashi moja inatosha. Ya duara, namba 8 au 10, ya nyuzi za kutengeneza, sio lazima ya manyoya ya mnyama. Ilowe, ikung'ute mara moja, ikikusanyika yenyewe ikawa na ncha kali ni nzuri, ikibaki na ndevu iache dukani. Tumbo lake linabeba maji, ncha yake inachora mstari, kwa hiyo ni brashi mbili ndani ya moja. Usiiache imesimama kichwa chini kwenye glasi, ncha inapinda na hainyooki tena, na usiinyonye mdomoni kuikusanya, kuna rangi zina kadimiamu au kobalti, hizo hazitakiwi kuingia tumboni.

Haya, rangi. Pale mbele ya tyubu kuna majina ya kupendeza ambayo kila kampuni inajitungia, geuza nyuma utafute alama ndogo ya herufi na namba, hiyo haidanganyi. PB29 ni ultramarini, ile bluu ambayo zamani ilikuwa jiwe la lapis lazuli la Afghanistan linasagwa, ghali kupita maelezo, mpaka Mfaransa Jean-Baptiste Guimet akapata tuzo mwaka 1828 kwa kuitengeneza kiwandani na toka hapo ikawa ya kila mtu. PB15 ni bluu nyingine kabisa, kali, inashika karatasi na hainyanyuki. PY43 na PY42 ni oka ya njano, yaani njano ya udongo. PBr7 mara nyingi ni siena ya kuchoma, kahawia yenye wekundu. Ukikuta tyubu nyuma ina alama nne zimerundikana, ni mchanganyiko tayari, ukiichanganya tena na nyingine inachafuka haraka. Moja moja ndo salama.

Mimi ningekuwa naanza leo ningechukua ultramarini, siena ya kuchoma, oka ya njano, na nyekundu moja. Na hii siena nataka niisemee, mana ndo udongo wetu. Oka, siena, zile nyekundu za udongo, zote ni chuma kilichoshika kutu ndani ya udongo, kama ardhi unayoikanyaga ukitoka Nzuguni. Oka ya njano ina maji ndani yake, ukiichoma motoni maji yanatoka inageuka nyekundu, na siena ya kuchoma inatokana na njia hiyohiyo. Nenda Kolo, kule Kondoa, njia ya Babati, ukaone michoro ya mapangoni, ile aliyokuja kuinakili Mary Leakey mwaka 1951 na ikaingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006. Watu wembamba warefu, twiga, pundamilia, wamechorwa kwa wekundu wa udongo wenye chuma, ukutani kwenye jiwe, jua na upepo wa miaka mingi na bado inasomeka. Nilisimama pale mbele ya ukuta nikawa naiangalia ile rangi naijua kabisa, ni ileile iliyoko kwenye kisahani changu mezani. Rangi za chuma hazipauki na jua. Kuna nyekundu na zambarau za bei rahisi ambazo ukiibandika picha ukutani palipo na jua, mwaka haujaisha imekuwa ya pinki iliyochoka.

Ultramarini na siena zikikutana zinafanya kitu ambacho bado kinanifurahisha kila siku. Bluu ikizidi unapata kijivu cha wingu la mvua, siena ikizidi unapata gome la mti, zikiwa sawa na nzito unapata giza ambalo ni zuri kuliko nyeusi ya tyubu, na ultramarini ina chembe nzito zinazozama kwenye vishimo vya karatasi, zikikauka zinaacha vidotidoti kama jiwe. Milima yetu ya mawe, ile inayozunguka mji, ni rangi hizo mbili na maji, hakuna kingine.

Kuhusu tope, mana yule binti aliniuliza akiwa karibu kulia, "Anti, mbona ya kwangu imekuwa tope?" Nikamuuliza umechanganya nini, akanitajia nyekundu, bluu, njano, alafu akaongeza kijani. Kila unga wa rangi unameza sehemu ya mwanga na kurudisha sehemu. Nyekundu, njano na bluu zikikaa pamoja kwa nguvu sawa, kila moja inameza kile mwenzake anachorudisha, kinachobaki ni kahawia kijivu. Mbili zinatosha, ya tatu iwe kidogo sana na uwe na sababu. Ila kuna tope lingine halitokani na kuchanganya, linatokana na kusugua karatasi ikiwa imenuna, na hilo hata na rangi mbili utalipata. Tukakubaliana aweke brashi kwenye karatasi, avute, anyanyue. Asirudi.

Ngoja nikuoneshe picha moja nzima. Mbuyu, njia ya Mvumi, kiangazi, hauna jani hata moja. Penseli nyepesi, mstari wa ardhi chini kabisa, shina, matawi manne makubwa, basi. Nachanganya michanganyiko mitatu kwenye sahani: ultramarini ya maji mengi kama chai nyepesi, oka na siena kidogo kama uji mwepesi, na siena na ultramarini nzito karibu na asali. Nalowesha anga peke yake, nazunguka pale patakapokuwa na wingu napaacha pakavu. Karatasi ni kioo. Naishusha bluu kutoka juu, naiinamisha karatasi kidogo ielekee kwangu ili maji yateremke, kule chini karibu na ardhi naacha inaisha yenyewe iwe karibu nyeupe, kwa sababu vumbi la mwezi wa nane linafanya anga kule chini lipauke, angalia nje utaona. Inafika kwenye ngozi ya mafuta, nagusa kingo ya wingu mara moja ilainike. Inanuna. Naweka brashi chini naenda kuteleka chai kabisa ili nisiwe karibu.

Nikirudi nagusa na mgongo wa kidole, sio ya baridi tena. Ardhi kwa ile oka, mkono mmoja kutoka kushoto kwenda kulia, na brashi ikiwa inaelekea kukauka nailaza ubavu naipitisha haraka, inagusa vinundu tu vya karatasi na kuruka vishimo, inatoka kama changarawe. Nasubiri tena. Shina nalipaka lote kwa kijivu chepesi chenye siena, na likiwa bado na mng'ao naweka ile nzito upande mmoja tu, upande ambao jua halipo, inaingia yenyewe kuelekea upande wa mwanga na kuishia njiani, na shina linakuwa la duara bila mimi kuchora duara. Hicho ndo kitu nilichokuwa nakitafuta miezi mitano kwa kubadilisha brashi. Matawi membamba mwisho kabisa, karatasi ikiwa kavu, kwa ncha, kuanzia kwenye shina kwenda nje ili brashi iishiwe rangi mwishoni kama tawi linavoisha. Na kivuli cha mti ardhini, mkono mmoja, usirudi.

Utaharibu nyingi. Usizitupe, geuza nyuma ufanyie majaribio ya kununa na ya kuchanganya, na uandike palepale kwa penseli mwezi, saa, dirisha lilikuwa wazi au limefungwa, na karatasi ilichukua muda gani kununa. Za kwangu ziko kwenye bahasha. Moja inasema: Agosti, saa saba mchana, dirisha wazi, dakika moja. Nyingine ni ya Februari, mvua imenyesha usiku kucha, saa mbili asubuhi, bluu ileile, karatasi ileile: dakika saba, na nyuma yake yule binti kaandika kwa mwandiko wake, "leo haikununa haraka".